Nimeenda kupimwa kwenye handaki la upepo na baiskeli yangu, haya ndo niliyoyakuta

Wadau wa baiskeli habari zenu. Niliwaahidi wengi kwamba nikitoka kupimwa nitaandika, sasa nimekaa kimya wiki kadhaa kwa sababu nilitaka kwanza nikimbie mashindano mawili matatu nione kama namba za ndani zinafanana na za barabarani, maana kuandika sifa ukiwa bado una furaha ya kutoka pale ni rahisi sana. Leo nina majibu. Ni marefu kidogo, wekeni chai karibu.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Shinyanga, saivi naishi Leicester, Uingereza, nafanya kazi ghala zamu ya usiku na mchana nikiamka naendesha. Huku Waingereza wana mchezo wao wa miaka mingi sana, mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, maili 10 au maili 25, mnaachiwa mmoja mmoja kila dakika, hakuna kujificha nyuma ya mtu, ni wewe na baiskeli na saa basi. Maili 10 ni kilomita 16 na kidogo. Muda wangu bora ulikuwa dakika 24 na sekunde 31, na nikakwama hapo misimu miwili mizima. Mazoezi niliongeza, uzito nikapunguza, wati kwenye kipimo cha pedali zikapanda kweli kabisa, lakini saa ikagoma. Ukiona hivyo ujue kuna kitu kinakula hizo wati, na kwenye barabara tambarare kitu chenyewe ni hewa.

Ngoja niseme hili vizuri maana watu wengi wanalipita. Ukiongeza spidi mara mbili, toka kilomita 20 kwenda 40 kwa saa, ukinzani wa hewa hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne, na wati unazotakiwa kutoa kuushinda zinaongezeka mara nane. Mara nane! Ndo maana mtu anatoka 25 kwenda 30 kirahisi lakini kutoka 39 kwenda 41 anatapika. Na katika huo ukinzani wote, baiskeli yenyewe ina sehemu ndogo, kama robo hivi au chini ya hapo, zinazobaki ni za mwili wako, yani kichwa, mabega, mikono, mapaja. Sasa sisi hela zote tunapeleka kwenye ile robo. Mimi mwenyewe nilishanunua ringi nene za pauni 600, za mkononi lakini nzuri, na mwili wangu ulikuwa haujapimwa hata siku moja.

Handaki la upepo kwa asiyelijua ni chumba kirefu kama korido pana, upande mmoja kuna mafeni makubwa, hewa inavutwa inanyooshwa inapita ilipo baiskeli yako kwa spidi wanayoitaka wao, wewe hausogei, upepo ndo unakuja. Baiskeli inafungwa kwenye vyuma vya pembeni ya ekseli, matairi yanakaa juu ya rola ili yote mawili yazunguke unapokanyaga, na chini ya sakafu kuna mizani. Si mizani ya uzito, ni mizani inayosikia upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu kiasi gani, mpaka gramu. Kutoka hapo wanapiga hesabu wanapata namba moja wanaiita CdA, ni ukubwa wako mbele ya upepo ukizidishwa na umbo lako linavyoipasua hewa. Namba ikiwa ndogo ndo vizuri. Mtu aliyekaa wima kwenye baiskeli ya kawaida ya mbio anacheza kwenye 0.30 na kitu, mtu wa mbio za saa aliyelala vizuri kwenye hendeli zile za kulazia viwiko anaingia kwenye 0.20 na kitu.

Nilipoenda mimi ni katikati ya Uingereza, maeneo yale yale wanakotengenezea magari ya Formula 1, na hata wataalamu wengi wa hewa wa baiskeli wametokea kwenye magari. Jina la kampuni siliweki hapa, sijalipwa na mtu na sitaki ionekane tangazo, anayetaka aniulize pembeni. Tulienda wawili, mimi na jamaa yangu Mkenya wa Nakuru tunaendesha klabu moja, tukachukua saa mbili tukagawana, ikawa pauni 390 kila mmoja. Najua. Hiyo ni zaidi ya milioni moja ya Kitanzania kwa saa moja ya kupulizwa upepo, nyumbani ukisema hivyo watu wanakutazama. Nitarudi kwenye hela baadaye.

Njiani kwenye gari tulikuwa tunabishana kuhusu Chris Froome, yule bingwa wa Tour de France. Jamaa yangu anampenda sana maana kazaliwa Nairobi na kafundishwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, na yeye anasema ile siku ya 2016 Froome alivyoteremka mlima wa Peyresourde kwenye Tour kakaa juu ya bomba la fremu anakanyaga huku kifua kiko kwenye hendeli, ile ndo ilikuwa sayansi. Alishinda kweli siku ile. Lakini profesa mmoja Mbelgiji wa mambo ya hewa, Bert Blocken, na wenzake walikuja kuipima ile staili kwenye handaki na kwenye kompyuta, wakakuta kuna mikao mingine ya kuteremkia ilikuwa na kasi zaidi ya ile. Alishinda kwa sababu aliwashtukiza wenzake akaondoka. Na saivi ule mkao umeshapigwa marufuku na UCI, chama cha baiskeli cha dunia, tangu Aprili 2021. Nakumbuka nilimwambia jamaa, unaona sasa, hata bingwa wa Tour mara nne anaweza akaona kitu kina kasi kumbe macho yanamdanganya. Sikujua maneno hayo yananirudia mwenyewe baada ya dakika arobaini.

Tulipokelewa na dada injinia, mtaratibu sana, akatupa kahawa akauliza maswali mengi kabla hajagusa baiskeli. Mashindano yako ya umbali gani, barabara ina kona nyingi au imenyooka, shingo inauma, mikono inakufa ganzi, unaweza kukaa kwenye mkao wako dakika ngapi bila kujiinua. Hili la mwisho alilirudia mara tatu siku ile. Alisema namba nzuri usiyoweza kukaa nayo dakika 24 haina kazi, na nikaona huyu anajua anachofanya.

Sasa hapa lazima niseme historia yangu kidogo. Mwaka juzi nilimlipa fundi mmoja wa kupima mikao ya baiskeli, wa dukani, pauni 150. Akanishusha mbele mpaka basi, falsafa yake ilikuwa moja tu, chini ndo kasi. Nikawa nimelala kama mjusi, picha zinapendeza, watu klabuni wanasifia. Lakini nikawa naumwa shingo kuanzia dakika ya kumi, na ili nione barabara ilibidi kichwa nikichomoze juu ya mabega kama cha kobe. Sikuunganisha hayo mambo mawili. Nilidhani maumivu ndo gharama ya kasi.

Raundi ya kwanza ni ya kuweka msingi. Unavaa nguo zako za mbio, helmeti yako, kila kitu kama siku ya mashindano, feni zikiwa zimezimwa wanasoma mizani kwanza ili waondoe uzito na kelele za kukanyaga, afu upepo unakuja. Tuliweka 45 kwa saa. Jamani ule upepo una baridi, na una kelele, dada tunamsikia kwenye spika tu. Unakanyaga kwa mwendo wako wa kawaida, ukishatulia wanapima kama nusu dakika, wanaizungusha ile sahani uliyosimama juu yake digrii 5, wanapima tena, digrii 10, wanapima tena, kwa sababu barabarani upepo hautoki mbele moja kwa moja, unakuja na pembe kidogo. Halafu wanachukua wastani. Msingi wangu ukatoka 0.262.

Kwenye sakafu mbele ya gurudumu wanamulika picha yako mwenyewe ukionekana kwa mbele, na mstari umechorwa kuzunguka umbo lako la raundi ya msingi, na chini yake namba inabadilika hapo hapo unavyojigeuza. Hii kwangu ndo ilikuwa thamani ya siku nzima. Dada akaniambia, usibadilishe baiskeli chochote, jaribu tu kuyapandisha mabega kuelekea masikioni na ushushe kidevu, kichwa kiingie katikati ya mabega, macho yaangalie kwa juu kupitia kwenye kioo cha helmeti. Nikafanya. Namba ikashuka mbele ya macho yangu. Nikasahau nikainua kichwa kama ninavyoangalia lori barabarani, ikapanda. Nikashusha, ikashuka. Yani nilikuwa naiendesha ile namba kwa shingo yangu. Nikakaa hivyo raundi nzima ikatoka 0.251, na hapo sijanunua kitu, sijafungua hata nati moja.

Tukapiga hesabu, kwa spidi ya 40 kwa saa hiyo tofauti ni kama wati 9. Mimi kuongeza wati 9 kwa mazoezi ilinichukua msimu wa baridi mzima.

Ikaja zamu ya imani yangu. Nikamwambia dada, naomba tushuke zaidi, tutoe spesa zote zilizobaki, vile vipande vya kuinulia hendeli, sentimita 2 chini. Hakunibishia, akasema sawa tupime. Tukashusha. Namba 0.266. Mbaya kuliko nilivyokuja nayo! Akaleta ule mrija wa moshi, ni bomba jembamba la chuma linatoa uzi wa moshi mweupe, akaushika mbele ya helmeti yangu na wakarekodi video ili niione baadaye. Kwenye video unaona moshi unapanda juu ya helmeti vizuri, ukifika nyuma ya helmeti unakuta kuna shimo, pengo kubwa kati ya kichwa kilichochomoza na mgongo ulioshuka, moshi unatumbukia pale unavurugika kama maji ya mto yakipiga jiwe, na mpaka unafika kiunoni haujatulia tena. Kumbe kinachokurudisha nyuma si upepo wa mbele peke yake, ni ile hewa iliyovurugika nyuma yako, presha ya nyuma inakuwa ndogo kuliko ya mbele na inakuvuta. Kadiri unavyoacha hewa imevurugika nyuma ndivyo unavyovutwa.

Tukafanya kinyume. Tukapandisha viwiko sentimita 3 juu ya alipokuwa ameniweka yule fundi, na mikono ikainuka mbele ikaja karibu na uso, vidole viko usawa wa pua. Kwa macho yangu mimi hiyo ilikuwa ni kwenda kinyume na akili, najiona kabisa nimekuwa mkubwa. Namba 0.246. Moshi ukapita juu ya mikono, juu ya helmeti, ukatua mgongoni ukateleza. Na shingo, jamani, shingo ikapumua. Nilikaa pale nakanyaga nikahisi uchungu kidogo kwa zile mbio zote nilizokimbia na maumivu bure.

Viwiko tukavibana ndani sentimita 2 kila upande, nilisoma sehemu nyingi kwamba ukibana unapata kasi, kwangu ikatoka 0.247, hamna kitu. Dada alisema tofauti ya 0.002 au chini ya hapo hata usiihesabu, inaweza kuwa ni kukaa kwako tu. Hiyo nayo muishike kichwani mnaposoma matangazo ya watu wanaouza soksi za kuokoa wati moja na nusu. Tukarudisha viwiko vilipokuwa maana kifua kinahitaji nafasi ya kupumua.

Helmeti. Nilienda na ya kwangu yenye mkia mrefu, na pale wana za kuazima. Ya kwangu 0.246. Moja fupi ya mviringo, si ya bei mbaya, 0.239. Halafu nikaomba ile ya bei kali kuliko zote pale, ambayo nilikuwa nimeshaanza kuiwekea akiba, ikatoka 0.249. Hiyo hela imebaki benki. Lakini msikimbilie kuandika aina ya helmeti, kwa sababu jamaa yangu Mkenya, mrefu kuliko mimi na mgongo wake umenyooka kama meza, yeye yenye mkia ndo ilimfaa na ile iliyonifaa mimi ilimharibia. Na yeye kushuka chini kulimpa kasi! Mimi kupanda, yeye kushuka. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa uhakika kabisa mkao fulani au helmeti fulani ndo ina kasi kwa watu wote, muulize alipima mwili wa nani.

Mwisho tukahamisha chupa ya maji kutoka kwenye bomba la chini kuiweka katikati ya mikono, nyuma ya hendeli, ikashuka mpaka 0.236. Afu akanirudisha kila kitu kama nilivyokuja, mkao wa zamani na helmeti ya zamani, tukapima tena, 0.261. Hii raundi ya mwisho wengine wanaiona kupoteza dakika, mimi naona ndo inayokuonyesha uaminifu wa mahali. Kama ingetoka 0.250 maana yake siku nzima mizani ilikuwa inacheza na namba zote ni takataka. Ukienda popote dai hiyo raundi.

Toka 0.262 mpaka 0.236, kwa 40 kwa saa ni kama wati 21. Kwenye karatasi ingenipa sekunde 45 hivi kwa maili 10. Barabarani nimekimbia mara mbili mwezi wa tano, njia ile ile, wati zile zile kama 250, nikapata 23:58 na 23:46. Siku zilikuwa na joto kuliko msimu uliopita, na hewa ya joto ni nyepesi kwa hiyo siwezi kusema yote ni ya handaki, lakini misimu miwili nilikuwa nimesimama na sasa nimetoka. Ile ya 23:46 nilipoambiwa muda wangu nilikaa chini pembeni ya barabara kwenye majani.

Kuna watu wataona sekunde 45 ni kitu kidogo. Tour de France ya 1989, siku ya mwisho ilikuwa mbio za saa, kilomita 24.5 kutoka Versailles mpaka Paris, Greg LeMond alikuwa nyuma ya Laurent Fignon sekunde 50. LeMond akaja na hendeli za kulalia na helmeti ya upepo, Fignon akaja kichwa wazi na nywele kafunga mkia. Baada ya zaidi ya kilomita elfu tatu za Ufaransa, LeMond akachukua Tour kwa sekunde 8. Na mwaka 2025 Kigali, kwenye mashindano ya dunia yaliyokuja Afrika kwa mara ya kwanza, wengi mliona Remco Evenepoel wa Ubelgiji kwenye mbio za saa, kilomita 40.6 zenye milima, alivyompita Tadej Pogačar, bingwa wa Tour, aliyeondoka dakika mbili na nusu mbele yake. Muangalieni tena kichwa chake kilivyokaa. Hakisogei, kimeingia mabegani kama kimepigiliwa. Mtu mfupi, nguvu anazo sana, lakini ule mkao ni kazi ya miaka na vipimo vingi.

Na wa kwetu mnaoendesha Nairobi, Kigali, Arusha, mnajua hewa ya juu ni nyepesi, mita 1,500 na kupanda mnapata punguzo la kama asilimia 15 ya ukinzani bure, ndo maana mwaka 2019 Mbelgiji Victor Campenaerts aliifuata rekodi ya saa moja, yani umbali mrefu zaidi mtu anaoendesha uwanjani ndani ya saa moja, mpaka Aguascalientes, Mexico, akatoka na kilomita 55.089. Ila mapafu nayo yanalipa kule juu. Muitaliano Filippo Ganna mwaka 2022 aliipeleka 56.792 pale Grenchen, Uswisi, chini sana kuliko kule Mexico, kwa nguvu na mkao.

Sasa kasoro, maana nilisema naandika ukweli. Saa moja ni ndogo mno kwa mtu wa kwanza, ukitoa kufunga baiskeli na kuifungua unabaki na raundi nane au tisa. Kila nati unayofungua unailipia. Jamaa yangu baiskeli yake nyaya zote zimepita ndani ya hendeli, kubadilisha kimo mara moja tu kulimla dakika kumi na mbili zilizolipiwa, akaumia sana. Chumba cha kubadilishia nguo kina baridi na hakuna mahali pa kupasha misuli moto, unapanda baiskeli ukiwa umekaza, na naamini raundi yangu ya kwanza nilikuwa nimejikunja zaidi ya kawaida. Ripoti walisema siku tatu, ikaja siku ya tisa, na ilikuja na namba na picha bila maelezo ya nini nifanye kwanza, kama sikuandika mwenyewe kwenye simu ningekuwa nimesahau nusu. Video ya moshi ilibidi niiombe mara mbili.

Kwa hiyo ukienda, nenda na funguo zako zote za nati, nenda na spesa za ziada, bomba la foku linaloshika hendeli lisiwe limeshakatwa fupi, kalale vizuri, na uwe na orodha ya maswali yako umeyapanga, ya mkao kwanza kisha helmeti kisha nguo, vitu vya baiskeli mwisho kabisa ukibakiwa na muda. Ringi zangu sikuzipima na sijutii. Miguu nyoa mapema, wala usione aibu, kampuni ya baiskeli ya Specialized walishawapima watu wao kwenye handaki lao California kabla na baada ya kunyoa wakapata wastani wa kama sekunde 70 kwa kilomita 40, ni wembe tu huo.

Nilimpigia kaka yangu Shinyanga jioni ile. Shikamoo kaka, marahaba, za huko, nikamweleza yote. Yeye alikuwa dereva wa daladala za baiskeli miaka mingi, abiria nyuma na mzigo mbele, na ndiye aliyenifundisha nikiwa napenyeza mguu katikati ya fremu maana kwenye siti sifiki. Tukienda Tinde upepo wa mchana unatupiga usoni alikuwa anasema, inama, upepo usikuone. Nikamwambia kaka, wamenipandisha juu badala ya kunishusha, na kasi imeongezeka. Akanyamaza kidogo akasema, mimi sikukwambia ulale, nilikwambia ujifiche. Kujificha ni kichwa, wewe mbona ulikuwa unainama halafu unachungulia? Nimeyafikiria hayo maneno kila siku tangu siku ile. Alikuwa ananiona kutoka kwenye baiskeli ya nyuma, miaka ile yote, bila mizani wala moshi.

Kwa wale walioko nyumbani ambako handaki la kukodi si kitu cha kufikiria, au hela hiyo ni ada ya mtoto, na ada ya mtoto iende kwanza, kuna njia. Kama una kipima wati na kihisi cha spidi kwenye gurudumu, tafuta kipande cha barabara cha kuzunguka kisicho na magari, alfajiri kabla upepo haujaamka, jaza tairi presha ile ile, pima uzito wako na baiskeli, zunguka raundi kadhaa kwa mkao mmoja bila kushika breki, afu raundi kadhaa kwa mkao mwingine, afu rudia wa kwanza. Ukipeleka data kwenye GoldenCheetah, programu ya bure kabisa, kuna sehemu inaitwa Aerolab inatumia njia aliyoitoa Robert Chung, itakuchorea na kukupa CdA. Inataka uvumilivu, na gari moja likikupita linaharibu raundi, lakini watu wakubwa kabisa wanaitumia. Kama kipima wati hamna, tafuta mteremko mmoja ulionyooka salama, siku isiyo na upepo, shuka bila kukanyaga ukianzia pale pale kila mara, mkao huu mara tano, mkao ule mara tano, andika spidi uliyofikia pale mteremko unapoishia. Na mwenzako akupige video kwa mbele na ubavuni. Lile pengo la nyuma ya kichwa utaliona mwenyewe.

Na kama wewe ni mtu wa mbio za kundi, ambazo kwetu ndo nyingi, usiende handakini kabisa, kajifunze kukaa ndani ya kundi. Huyo huyo Blocken mwaka 2018 alitoa matokeo ya kundi la waendeshaji 121, waliokuwa katikati nyuma walikuwa wanapata asilimia 5 mpaka 10 tu ya ukinzani wa mtu anayeendesha peke yake kwa spidi ile ile. Hakuna helmeti duniani ya kukupa hicho.

Alama zangu, kipimo chenyewe na yule dada 5 kati ya 5, mpangilio wa mahali na ripoti 3, bei siwezi kuwatetea, ila pauni 150 za fundi wa dukani zilinirudisha nyuma na hizi 390 zimenipeleka mbele. Mwezi wa kumi narudi, tunatafuta watu wawili zaidi walioko Uingereza tuchukue nusu siku, ikigawanywa kwa wanne inashuka vizuri. Safari hii nataka suti mbili tofauti za kubana na kimo cha siti, na nataka nipimwe dakika ya 20 nikiwa nimechoka tayari, maana nikichoka mabega yanashuka na kichwa kinaanza kuchungulia tena. Aliyeko tayari aniandikie.